Nyumba ya Kungojea Aliyoijenga Fundi Kasiani Mara Mbili

Siku mliyoniaga pale karakana, katikati ya pilau na soda, kijana mmoja aliniuliza ni jengo gani ninalolionea fahari kuliko yote niliyoyashika. Simtaji jina, lakini mwiko wake una kutu na yeye anajijua. Alitarajia nitaje ghala la mpunga, au shule, au mahakama. Nikamwambia ni vyumba sita vya udongo vilivyoezekwa nyasi, na vimeshabomolewa zamani. Mkacheka, mkadhani soda imenipanda kichwani. Basi nimekaa hapa nyumbani Lipangalala, mgongo umegoma kuinama, mikono bado inawashwa na kazi, nimeona bora niwaandikie habari yenyewe. Habari za vyeo msizitafute humu. Nilipandishwa, nikashushwa, nikapandishwa tena, na hakuna tofali lililowahi kuniuliza nina cheo gani.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya hamsini, pale hospitali Ifakara, nikiwa kijana wa mabega mapana na maneno mengi. Mwenyeji wa Michenga mimi, Mndamba, nimekulia kwenye maji. Fundi mkuu wetu alikuwa Kasiani, Mpogoro wa milimani Mahenge, mwembamba, mpole, na kofia yake ya kitambaa sijui ilikuwa nyeupe mwaka gani. Hakuwahi kumpigia mtu kelele, na ndiyo maana tulimwogopa. Mtu anayefoka unajua atamaliza saa ngapi.

Siku ya kwanza nilifika na mwiko mpya, nimeung'arisha kwa mchanga mpaka unaweza kujitazama.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umekuja na nini?"

"Mwiko, Fundi."

"Uweke chini. Leo huna kazi nao."

Akanipeleka wodi ya wanaume, akanikalisha kwenye benchi kando ya ukuta wa magharibi. Akasema, "Kaa hapa. Jua likikufukuza, hama. Jioni utaniambia umehamia wapi na kwa nini." Akaondoka zake. Nilikasirika, wacha niseme kweli. Mafundi wenzangu wakipita na karai za zege wananiuliza kama nimelazwa. Lakini alasiri ilipofika, ule ukuta ulikuwa umechemka kama tanuri la matofali, na kichwa kinanigonga. Jirani yangu kwenye kitanda cha ukutani, mzee mmoja wa mguu uliovimba, alikuwa amejifunika shuka usoni, hataki kuongea na mtu. Jioni nikamweleza Fundi Kasiani yote, tena kwa malalamiko. Akanisikiliza, akasema, "Yule mzee yuko hapo tangu kabla ya mavuno. Wewe umeumwa kichwa kwa siku moja."

Kesho yake tukaanza kujenga baraza upande ule, tukashusha paa likaukinga ukuta na jua. Baada ya hapo wauguzi walikuwa wakiamua ugomvi, maana kila mgonjwa anakitaka kitanda cha ukutani. Yule mzee alishinda barazani akisuka nyavu na kumsengenya kila anayepita, na nilivyomwona, kusengenya kulimsaidia kama dawa.

Nyie mna mashine za kila aina. Yeye alikuwa na timazi, pima maji, skwea ya mbao aliyoitengeneza mwenyewe, na kamba yenye mafundo. Alikuwa na tabia moja ambayo wengi waliiona ya ajabu. Kabla ya kukata dirisha, alilala chini pale kitanda kitakapowekwa, akatazama. Alisema mafundi tunapima madirisha tukiwa wima, ilhali mgonjwa hasimami. Basi unamkuta mtu mzima amelala chali kwenye vumbi, kofia kifuani, anaangalia ukuta ambao haujajengwa. Wageni walikuwa wakija kutuuliza kama fundi wetu ameanguka.

Sasa nije kwenye ile nyumba. Bonde letu mnalijua. Masika yakishika, mto Kilombero unafumuka, mashamba ya mpunga yanageuka ziwa, na watu hawatoki shamba, maana ukiuacha mpunga ndege na nguruwe pori wanakuvunia. Familia zinahamia kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, zinaishi humo maji yakipita chini. Mwanamke akishikwa na uchungu kipindi hicho, njia ni mtumbwi, na mtumbwi unategemea mkondo umeamkaje siku hiyo. Mimi na mke wangu Yustina tulijua habari hiyo kuliko wengi. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa ndani ya mtumbwi, katikati ya maji, tukielekea hospitali. Hakulia. Niliendelea kusukuma mtumbwi kwa pondo mpaka ng'ambo kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Mama Felista, mkunga wa hospitali, alichoka kupokea mizigo ya namna hiyo. Akamwendea daktari, Mzungu mrefu aliyeungua pua kwa jua, akamwambia wajawazito wa bondeni wajengewe nyumba ya kungojea, waje kabla maji hayajafunga njia. Daktari akakubali siku hiyo hiyo. Yustina alikuwa na mimba tena, na Mama Felista alituambia waziwazi: "Huyu asingojee uchungu shamba. Safari hii nitakuwa na daktari mlangoni." Kwa hiyo mimi sikuwa najengea watu baki. Kila tofali nililiweka nikijua ni la mke wangu.

Fundi Kasiani akachora, daktari akapitisha. Matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, bati jipya, ukumbi mmoja mrefu wenye vitanda pande mbili, na jiko kubwa nyuma lenye mpishi. Madirisha aliyapandisha juu kabisa, karibu na lenta. Hakulala chini safari hii, na alikuwa na sababu. Kwao mlimani mjamzito aliyekaribia hufichwa macho ya watu, asije akatazamwa na mwenye kijicho, wala asipishane na baba mkwe. "Tuwafiche wapumzike," alisema. Ilikuwa heshima hasa, na sisi wote tukaona ni sawa, hata mimi mtu wa bondeni. Padri akaja kuibariki. Watu walitoka hadi ng'ambo kuja kuigusa ile lipu.

Mvua zikaanza, akina mama wakaja, na akina mama wakaondoka.

Wa kwanza aliaga anakwenda kufua, akafua mpaka kwao. Wa pili hakuaga kabisa. Yustina alikuja na mama yake mzazi, Mama Generosa, wakalala siku chache. Asubuhi moja nikapita na karai langu, nikachungulia, nikakuta kitanda kimetandikwa vizuri kama hakikulaliwa. Wamerudi Michenga. Maji yalikuwa yameshaanza kuingia mashambani. Nikaketi pale mlangoni, karai kichwani bado.

Pale hospitali maneno yalikuwa mengi. Kuna waliosema wanawake wa bondeni ni washamba, umpe kitanda atatafuta mkeka. Na mimi nilisema hivyo hivyo, kwa hasira. Fundi Kasiani yeye aliingia kwenye ule ukumbi mtupu, akatembea mwisho hadi mwisho, akatoka. "Hawajaikimbia hospitali," akasema. "Wameikimbia nyumba yangu. Nitafutie mtumbwi."

Tulikwenda watatu, mimi nikipiga pondo, Mama Felista katikati, na Fundi mbele ameshika kingo mbili kwa mikono miwili, maana watu wa mlimani na maji hawajazoeana. Tulimkuta Yustina na mama yake juu ya dungu. Sasa kulikuwa na tatizo. Mwanaume, tena mgeni, hawezi kukaa na wanawake akawauliza mambo ya uzazi. Fundi Kasiani akaketi kwenye ngazi, kipago cha chini, miguu ndani ya maji, akawapa mgongo, akatazama mpunga kana kwamba ndio uliomleta. Mama Felista akapanda juu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Na huyo mwenzako asiyetusikia, naye karibu."

Mgongo wa Fundi haukutikisika.

"Mama, ile nyumba ina ubaya gani?" Mama Felista akauliza. "Bati jipya, kitanda, chandarua."

"Haina ubaya. Nzuri sana. Ndiyo maana tumewaachia wenyewe."

"Mama, nakuomba."

Mama Generosa akaacha mzaha. Alikuwa mama wa sura ngumu na sauti ya chini. "Mwanangu anapikiwa na nani pale? Yule mpishi simjui, na mkono wake siujui. Mtoto wangu ameshapoteza mmoja, nimpe chakula cha mkono nisioujua? Nikataka kumpikia mwenyewe, naambiwa jiko ni la hospitali. Nikataka kulala karibu naye, naambiwa vitanda ni vya wajawazito. Nimelala uvunguni, mimi, na mvi zangu."

"Hilo nimelisikia. Lipo lingine?"

"Lipo. Mmetuweka ndani ya sanduku. Hapa nikiamka natazama, naona maji yamefika wapi, naona mpunga uko hai, najua mume wangu ataweza kupita au hataweza. Pale unasikia mvua inapiga bati, huoni kitu. Unakaa unajiuliza: nyumbani kumebaki nini? Mtu atapumzikaje hivyo?"

Kisha Yustina akasema. Hakunitazama. "Mimi maji nayaogopa," akasema. "Lakini ninayoyaona naweza kukaa nayo. Pale yalikuwa yanakuja kila nikifumba macho."

Niliinamia pondo langu. Mimi nilikuwa mume wake, tulilala nyumba moja, na hilo sikuwa nimelisikia kabla ya siku ile.

Kutoka kwenye ngazi, Fundi Kasiani akasema taratibu, bado ametupa mgongo, "Mama Felista, waulize. Lingekuwa lao, dirisha wangeliweka wapi?"

Mama Generosa akapiga kiganja kwenye ukuta wa fito, usawa wa kiwiko cha mtu aliyekaa chini. "Hapa."

"Samahani, mama. Naomba nigeuke mara moja nipime."

"Geuka, baba. Muda wote umesikiliza kwa mgongo, utachoka."

Akapanda, akapiga magoti, akanyoosha kamba yake, akafunga fundo pale pale kiganja kilipokuwa. Kisha akalala chali kwenye sakafu ya dungu, kofia kifuani, akatazama nje. Mama Generosa akamwangalia, akaniangalia mimi, akauliza kwa macho kama huyu mtu ni mzima. Fundi akakaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka akasema, "Kwetu tunaangalia mlima, na mlima hauhami. Sikujua." Akawashukuru, tukarudi.

Kumwendea daktari mwenye jengo jipya lililobarikiwa na kumwambia halifai kunataka moyo. Fundi alinitaka niwepo. Hakumsingizia mtu, hakumtaja mpishi wala mvua. Akasema, "Mimi ndiye niliyekosea, naomba nijenge tena."

Daktari akashika kichwa. "Kasiani, na saruji yote ile?"

"Saruji haipotei, Daktari. Itakuwa stoo ya dawa. Inafaa sana. Dawa hazina haja ya kuchungulia nje."

Daktari alicheka mpaka akakaa. Kisha akatoa masharti yake, na yalikuwa ya akili: sakafu zipandishwe juu ya maji, na madirisha yafungwe wavu wa mbu, maana dirisha la chini lisilo na wavu ni kuwaitia wajawazito malaria. Fundi akauandika wavu kwanza kabla ya kitu kingine. Mama Felista alipohesabu kwa vidole, Yustina alikuwa amebakiza mwezi na kitu, na maji hayangoji. Kuchoma matofali kwenye mvua haiwezekani. Kwa hiyo udongo na fito.

Nilinung'unika. Nimejifunza matofali, narudi kukandika udongo kama nyumba ya bibi yangu! Fundi akaniambia nikande vizuri basi, kwa heshima ya bibi.

Alichagua ukingo wa kiwanja, pale ardhi inapoanza kushuka kuelekea bondeni. Vyumba sita, vikizunguka ua. Milango yote inatazama ndani ya ua, hivyo mpita njia haoni kitu, wala baba mkwe akija na ndizi hakutani na mtu, anaziacha getini. Kila chumba kina jiko lake chini ya upenu wake, mafiga matatu, na rafu ya kuni kavu. Ndani kitanda cha mjamzito, na kando yake kitanda cha kamba cha mama yake, karibu kiasi cha kushikana mikono. Na ukuta wa nyuma dirisha refu la chini, kwenye lile fundo la kamba, linatazama bonde zima. Vijana, mkipewa ramani ya nyumba ya kulala watu, tafuteni kwanza mwenye nyumba ataketi wapi akiwa na wasiwasi. Mengine yatapangika.

Nyasi ndizo zilizotushinda. Nyasi hukatwa kiangazi, na masika zile zilizopo zote ziko juu ya paa za watu. Tukaezeka vyumba viwili, tukaishiwa. Asubuhi nikamkuta Fundi Kasiani juu ya jiko la nyumbani kwake, anaezua. Mke wake alipika chini ya upenu mwembamba masika yote yale, na kila asubuhi tukipita alimweleza mumewe anavyomwona. Fundi aliitikia, "Kweli kabisa, mke wangu," akaenda kazini. Habari zikafika bondeni, na mitumbwi ya Michenga ikaanza kuja na matita ya nyasi ambayo hatukuyaomba.

Chumba cha tatu udongo wake ulikuwa haujakauka, nikaenda kuwaita Yustina na mama yake. Maji yalikuwa yamejaa, pondo haligusi chini sehemu nyingine, ikabidi kasia. Mama Generosa alikubali kuja na Yustina, "kuangalia tu". Alipofika akaingia chumbani, hakukaa kitandani, akaketi chini kwenye mkeka, akageukia dirishani. Bonde lote lilikuwa jeupe kwa maji, na mbali unaona nukta nukta za madungu. Tukasimama uani, mimi, Fundi na Mama Felista, kama watuhumiwa. Hatimaye akatoka, akashika kuni moja, akaigonga kusikia kama ni kavu, akapiga magoti akawasha moto.

"Mkwe," akaniambia bila kugeuka, "kalete samaki."

Nilikwenda mbio kutafuta samaki na machozi yananilenga.

Uchungu ulimshika Yustina asubuhi moja ya mvua kubwa, mkondo umechacha kiasi kwamba hakuna mtumbwi uliothubutu. Mama Felista alimshika mkono wakavuka ua hadi wodi ya uzazi. Mtoto alikuwa ametanguliza miguu. Daktari akaitwa, mlango ukafungwa. Nilibaki uani sijui nikae au nisimame, na Fundi Kasiani akaniletea mwiko na karai la udongo. "Ukuta ule una nyufa," akasema. Haukuwa na nyufa, nilikuwa nimeukandika mwenyewe juzi. Nikaukandika tena. Yeye akakanda udongo kando yangu, fundi mkuu mzima, ananipitishia kama kibarua wangu. Nilikuwa nimefika kona ya pili niliposikia mtoto analia. Nikaweka mwiko chini nikalia na mimi, na sikujificha.

Msichana. Mama Felista alitoka akiwa amelowa jasho, akaniambia nisichokisahau: "Huko shamba ungezika wawili."

Vyumba sita vilijaa masika yale, na hakuna aliyekwenda kufua akapotelea kwao. Maji yalipopungua, baba mkwe wangu alileta mtumbwi kuwachukua. Mama Generosa alikuwa amekunja mikeka tangu alfajiri, mpunga unamwita. Fundi Kasiani alikuwa uani anakaza bawaba ya mlango wa jirani. Yustina alikuwa bado ameketi chini pale dirishani, mtoto kifuani, anatazama bondeni kunakoanza kuonekana kijani.

"Twende basi, mwanangu."

"Mama, wewe tangulia," Yustina akasema. "Mimi nataka kukaa kidogo, mpaka Jumapili."

Mama Generosa akaguna, akajitwika mikeka, akaenda. Fundi akasogea nilipo, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Amesema anataka kukaa?"

"Ndiyo, Fundi. Mpaka Jumapili."

Akazunguka nyuma ya nyumba, nikadhani anafuata msumari. Alipokawia nikamfuata, nikamkuta amesimama ameegemea ukuta wetu wa udongo, anajifuta macho kwa mkono wa shati. Tulikuwa tumejenga ili wasikimbie. Kwamba kuna mtu angeomba abaki, hilo hatukuwa tumelifikiria, si yeye wala mimi.